Magereza ya wazi: maswali kuhusu ulinzi na uhaba wa askari

Kila mfungwa anapotoroka gereza la wazi, maswali huwa yale yale, na mara nyingi majibu hutolewa kwa hasira. Hapa tumeyakusanya yanayojirudia zaidi na kuyajibu kwa utulivu kidogo.

Gereza la wazi ni gereza la namna gani?

Ni gereza lisilo na ukuta wa kumzuia mtu kutoka. Huenda pana uzio mfupi, huenda pana kibao tu kando ya njia kinachoonyesha mpaka ambao mfungwa hapaswi kuuvuka. Watu hulala mabwenini au katika vyumba ambavyo ufunguo wake wanao wenyewe. Mchana wanakuwa shambani, karakana, jikoni au darasani. Walio karibu kumaliza kifungo hutoka asubuhi kwenda kazini nje ya gereza na kurudi jioni.

Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinalitaja gereza la aina hii katika kanuni ya 89. Zinasema kwamba taasisi za wazi haziweki vizuizi vya kumzuia mtu asitoroke bali hutegemea nidhamu ya mfungwa mwenyewe, na kwa sababu hiyo ndizo zenye mazingira bora ya kurekebishika, kwa wafungwa waliochaguliwa kwa uangalifu. Karibu matatizo yote yanayojadiliwa hapa huanza pale sharti hilo la mwisho linapopuuzwa, au pale anapokosekana mtu wa kulisimamia.

Ni majaribio ya siku hizi?

Hapana. Witzwil, gereza la kilimo la Uswisi, lilianza mwishoni mwa karne ya 19. Uingereza ilifungua kambi yake ya kwanza, New Hall karibu na Wakefield, mwaka 1936, na Askham Grange la wanawake mwaka 1947. Mwaka 1955 mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu uhalifu, uliofanyika Geneva, ulilijadili suala hili na kutoa mapendekezo. Kambi ya Sanganer karibu na Jaipur, India, ipo tangu miaka ya 1960. Anayesema wazo hili halijapewa muda wa kutosha wa kupimwa hajalifuatilia.

Bila ukuta, kinachowazuia wasiondoke ni nini?

Hesabu ya faida na hasara, kwanza. Mtu aliyebakiza miezi minane, anayeruhusiwa kwenda kuwaona watoto wake mwisho wa mwezi, anajua kwamba akivuka mpaka atarudishwa gereza lenye ukuta, atapoteza ruhusa zote, na katika nchi nyingi atafunguliwa kesi mpya. Wengi wao hawahitaji kukumbushwa hilo.

Lakini hesabu hiyo hufanya kazi siku akili ikiwa imetulia. Siku ambayo mke ameandika kwamba anaondoka, au mwenzake wa bwenini anamdai na ametishia kumchoma kisu, mtu hapigi hesabu tena. Hapo kinachobaki ni askari anayemfahamu. Askari anayejua kwamba huyu jamaa huwa anataniana na watu wakati wa chai, na leo amekaa peke yake tangu asubuhi. Anamfuata, anamuuliza kuna nini, anamruhusu apige simu nyumbani, jioni anampitia tena. Wataalamu wa magereza wana majina marefu ya kazi hii. Kwa lugha nyepesi ni ulinzi wa kufahamiana, na katika gereza la wazi ndio ukuta wenyewe. Kupunguza askari katika gereza la wazi ni kubomoa ukuta, ila kwa kuwa hakuna tofali linaloanguka, hakuna anayeshtuka.

Kwa hiyo watu hawatoroki?

Wanatoroka. Uingereza na Wales wanatenganisha kuvunja gereza lenye ulinzi na kuondoka bila ruhusa kwenye gereza la wazi, na takwimu za makosa haya mawili huwekwa mbalimbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walioondoka bila ruhusa walizidi 1,000 kwa mwaka. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 walikuwa chini ya 200. Walio wengi hukamatwa au hurudi wenyewe.

Upungufu huo haukutokana na nyaya za miba. Uchambuzi wa nani apelekwe uliboreshwa, na baada ya matukio ya mwaka 2014 yaliyoikera serikali, waliowahi kutoroka walifungiwa mlango wa magereza ya wazi isipokuwa kwa sababu za pekee. Sheria ya jumla kama hiyo ni butu, kwani inamweka kundi moja kijana aliyekimbilia mazishi ya mama yake na jambazi aliyekwenda kuvamia benki. Hata hivyo ukisoma takwimu ni vigumu kusema haikuzaa kitu.

Wanaoondoka, kwa kawaida, hawaondoki kwa sababu wameona nafasi. Nafasi ipo kila saa. Wanaondoka kwa deni, kwa hofu ya wenzao, kwa habari mbaya kutoka nyumbani, kwa kiu ya dawa za kulevya. Wiki za mwanzo ndizo za kuangaliwa zaidi: mtu aliyefungiwa milango kwa miaka kumi hajui afanye nini na mlango usiofungwa. Na ni katika wiki hizo hizo ambapo gereza lenye askari wachache halina hata mmoja wa kukaa na mgeni kwa nusu saa.

Basi kutoroka ndilo tatizo kubwa la ulinzi?

Kwenye habari, ndiyo. Kwa askari wanaoshinda humo, tatizo kubwa ni vinavyoingia.

Chukua usiku wa kawaida. Hesabu inapigwa saa nne, wote wapo. Saa saba mfungwa mmoja anatoka kwa mlango wa nyuma wa bwenini, anapita shambani bila tochi, anafika penye kichaka kando ya barabara ambako mtu wa nje ameacha begi. Ndani kuna chupa tatu za pombe kali, simu mbili na vifurushi vya dawa za kulevya zilizotengenezwa maabara, zile zinazonyunyizwa kwenye karatasi. Saa nane yuko kitandani. Alfajiri hesabu inapigwa tena, wote wapo. Daftari la zamu linasomeka vizuri kabisa, halina doa, na gereza limeshaingiliwa.

Begi hilo linauzwa kwa mkopo. Baada ya wiki mbili nusu ya bweni ina deni. Aliyeshindwa kulipa anaambiwa yeye ndiye atakayekwenda kuchukua begi lijalo, au ampigie dada yake atume pesa. Mwingine hawezi hata moja, na asubuhi moja hayupo. Magazeti yanaandika kwamba mfungwa ametoroka. Hakuna anayeandika habari ya kichaka.

Wangekuwepo askari wawili zaidi usiku ule wa kuzunguka mashamba kwa saa zisizotabirika, huenda begi lingebaki kichakani. Na angekuwepo askari mwenye muda wa kusikiliza mchana, habari ya deni ingemfikia kabla ya wiki ya pili. Hayo ni mambo mawili tofauti, na gereza linahitaji yote mawili.

Kulitokea nini Ford?

Ford ni gereza la wazi kusini mwa Uingereza, katika eneo lililokuwa uwanja wa ndege za kijeshi. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2011, askari walijaribu kuwapima ulevi baadhi ya wafungwa. Wakakataa. Ugomvi ukageuka vurugu, wafungwa wapatao 40 wakahusika, na majengo kadhaa yakateketea kwa moto. Gereza lilikuwa na wafungwa wapatao 500. Zamu ile ya usiku ilikuwa na askari wawili na wasaidizi wanne.

Kuna wanaosema kosa lilikuwa kupima watu ulevi usiku wa mwaka mpya. Huko ni kumlaumu askari aliyefanya kazi yake. Pombe haikuingia usiku ule, ilikuwa ikiingia siku nyingi. Watu sita kwa watu 500 hawawezi kuzuia pombe, hawawezi kuzima ugomvi, na wakiona wamezidiwa hawana la kufanya zaidi ya kurudi nyuma na kuita msaada, jambo ambalo ndilo la busara.

Kwa nini magereza ya wazi hupangiwa askari wachache hivyo?

Kwa sababu kwenye karatasi inaonekana ni sawa. Wafungwa ni wa hatari ndogo, hakuna minara ya kulindwa, hakuna milango ishirini ya kufungua na kufunga, kwa hiyo gharama ya kila mfungwa ni ndogo. Hilo ni kweli na ni moja ya sifa za gereza la wazi. Tatizo linakuja bajeti inapokatwa. Mkataji huona kwamba gereza lenye ukuta halishikiki bila kuleta hatari ya wazi, basi kisu kinaelekea kule kusiko na kelele. Kati ya 2010 na 2014 Uingereza na Wales walipunguza zaidi ya robo ya askari wa magereza wanaokaa na wafungwa moja kwa moja. Wakongwe wengi waliondoka katika wimbi hilo. Vijana walioajiriwa baadaye walikuta hakuna wa kuwafundisha.

Kisha kuna kuazimana. Gereza kubwa la jirani likipungukiwa, simu ya kwanza inakwenda gereza la wazi: “Tupeni wanne wa leo.” Mgonjwa akilazwa hospitali chini ya ulinzi, askari wawili wanakaa wodini zamu nzima. Kwenye orodha gereza lina askari thelathini. Nenda Jumamosi jioni uwahesabu.

Mbona Norway na Finland wanaweza na askari wachache?

Swali zuri, na jibu lake hutumiwa vibaya mara nyingi. Bastøy, gereza la kisiwani katika hori ya Oslo, lina wafungwa wapatao 115, na usiku hubaki na wafanyakazi wachache sana. Wabana matumizi hupenda kunukuu sentensi hiyo na kuishia hapo.

Wanachoacha ni mchana. Askari wa magereza wa Norway husomea kazi yake kwa miaka miwili. Walimu, wauguzi na wakutubi hawaajiriwi na gereza, wanatoka katika huduma zile zile zinazowahudumia raia wengine, hivyo askari habebeshwi kazi ya kila mtu. Usiku unaweza kuwa mtulivu kwa sababu mchana ulikuwa na watu wa kutosha. Na wafungwa 115 ni idadi ambayo mtu anaweza kuijua kwa majina na tabia. Kanuni za Nelson Mandela zenyewe zinasema gereza la wazi liwe na wafungwa wachache kadiri inavyowezekana.

Finland huweka karibu theluthi moja ya wafungwa wake kwenye magereza ya wazi. Lile la Suomenlinna, kwenye visiwa vya ngome kongwe mbele ya Helsinki, wafungwa hufanya ukarabati wa kuta za ngome hiyo, na raia wanaishi na watalii wanapita hapo hapo. Nchi inayofanya hivyo kwa theluthi nzima ya wafungwa imeshajifunza kuchagua, kusindikiza na kurudisha watu bila kufanya kila kosa kuwa kashfa.

Sanganer ni hadithi nyingine kabisa. Wafungwa wanaishi na familia zao, wanatoka kutafuta riziki mjini, wanajilipia umeme, na hesabu hupigwa kwa kuita majina. Walinzi ni wachache mno. Anayemshikilia mtu pale ni mke, watoto na kazi, pamoja na baraza la wafungwa wenyewe linalosuluhisha mambo madogo. Ukichukua uchache wa walinzi wa Sanganer ukaacha familia nje ya lango, umechukua ganda.

Je, wanyapara hawawezi kuziba pengo la askari?

Hapana, na hapa kanuni hazina utata. Kanuni ya 40 ya Nelson Mandela inakataza mfungwa kupewa kazi yoyote ya kuadhibu au kusimamia nidhamu ya wenzake. Kanuni hiyo hiyo inaruhusu wafungwa kujisimamia katika mambo ya michezo, masomo na maisha ya jamii yao, na baraza la Sanganer linakaa upande huo.

Tofauti inaonekana haraka ukiishi nayo. Baraza linaamua zamu ya kufagia. Mnyapara aliyeachiwa bweni usiku kwa kuwa askari hayupo anaamua nani apate godoro zuri, nani afuate begi kichakani, na nani asiseme. Gereza linalosifu utulivu wa mabweni yake huku halina askari usiku lingefanya vyema kuuliza utulivu huo unalipiwa na nani.

Kamera na bangili za kielektroniki je?

Zinasaidia. Kamera ya joto ikielekezwa shambani ingemwona mtu wetu wa saa saba. Bangili inaonyesha mguu uko wapi, na kwa anayekwenda kazini nje huo ni msaada mkubwa.

Ila kamera inahitaji mtu wa kuitazama saa nane usiku, na mwingine wa kwenda kuangalia alichokiona. Kamera arobaini na askari mmoja aliyechoka ni ushahidi wa kesho, si ulinzi wa leo. Na hakuna kifaa kinachojua kwamba mtu amepata barua mbaya.

Askari wapewe silaha?

La. Kanuni ya 82 inasema watumishi wanaokutana na wafungwa moja kwa moja wasibebe silaha isipokuwa katika hali za pekee. Kwenye gereza la wazi bunduki haina hata kazi ya kufanya: huwezi kumpiga risasi mtu kwa kuvuka mpaka ambao kesho asubuhi utamruhusu auvuke kwenda kazini.

Nani anaamua mfungwa aende gereza la wazi, na kwa nini wengine wasiofaa hupelekwa?

Kwa kawaida ni jopo la maofisa wanaopitia kosa, mwenendo gerezani, muda uliobaki, historia ya kutoroka, ulevi na hali ya nyumbani. Kwa baadhi ya vifungo virefu, bodi ya parole, ile inayoamua nani aachiwe kwa masharti kabla ya kifungo kuisha, hutoa mapendekezo. Uingereza ilianza kuwagawa wafungwa kwa madaraja manne, A hadi D, baada ya ripoti ya Mountbatten ya mwaka 1966, na D, daraja la hatari ndogo zaidi, ndiyo inayopelekwa kwenye magereza ya wazi.

Wasiofaa hupelekwa pale magereza yenye ukuta yanapojaa. Vitanda vinatafutwa, na gereza la wazi huwa navyo. Machi 2023 Uingereza na Wales walianzisha utaratibu wa muda uliorahisisha kuwahamishia huko baadhi ya wafungwa waliokaribia mwisho wa vifungo, kwa sababu ya msongamano. Hatua kama hiyo inaweza kuwa na mantiki endapo gereza linalopokea linaongezewa watu kwa kiwango hicho hicho. Lisipoongezewa, askari anaongezewa wageni walio katika zile wiki za mwanzo, huku faili zao zikiwa bado njiani. Wakati mwingine mfungwa anafika Ijumaa alasiri na faili linafika Jumanne.

Idadi sahihi ya askari ni ipi?

Hakuna namba moja, na anayekupa uwiano mmoja kwa magereza yote mwogope. Gereza lenye mabweni yaliyotawanyika mashambani linahitaji watu wengi kuliko lenye jengo moja, hata kama wafungwa ni sawa.

Pima kwa maswali. Kila mfungwa ana askari wake anayemjua kwa jina na kukaa naye angalau mara moja kwa wiki? Matukio mawili yakitokea kwa pamoja usiku, moto huku na mgonjwa kule, wapo wa kwenda kote? Yupo wa kutembelea kwa kushtukiza sehemu wanakofanya kazi nje? Taarifa ambayo askari wa jikoni ameandika Jumatatu inasomwa na nani, na lini? Jibu likiwa “tukipata nafasi”, idadi haitoshi, haijalishi uwiano unasemaje.

Kwa nini askari wazuri hawataki kubaki huko?

Baadhi ya wakubwa huichukulia kama kazi ya kupumzikia kabla ya kustaafu, hivyo anayebaki huko hapandishwi cheo. Mshahara nao. Kanuni ya 74 inataka watumishi wa magereza waajiriwe kwa kudumu na walipwe vya kutosha kuwavutia na kuwabakiza watu wanaofaa. Askari mwenye madeni, anayekaa peke yake usiku na watu anaotaniana nao kila siku, ni rahisi kuombwa “msaada mdogo” wa simu moja. Akileta ya kwanza, hana tena uwezo wa kukataa ya pili.

Kuna jingine linalosemwa kwa nadra. Askari akikataa kumpa mfungwa ruhusa ya kwenda nyumbani, hakuna atakayemlaumu kamwe. Akimruhusu mia moja na mmoja akaharibu, jina lake ndilo litakaloitwa kwenye tume. Ukiweka watu wachache, wachovu, katika hali hiyo, watajifunza kusema hapana kwa kila ombi, na gereza la wazi litageuka gereza la kawaida lililosahau kujenga ukuta.

Wanaoishi jirani na gereza wana sababu ya kuhofu?

Mara nyingi si sana, kwani anayeondoka hutaka kufika mbali haraka. Wana haki ya kuambiwa mtu anapokosekana, na namba ya kupiga wanapoona gari limesimama kando ya uzio usiku wa manane. Wao ndio huliona kwanza.

Mfungwa aliyekwenda kazini akichelewa kurudi dakika arobaini, ni mtoro?

Kisheria, nchi nyingi humhesabu amekiuka masharti tangu dakika ya kwanza. Kwa vitendo inategemea kuna nani langoni. Askari mwenye muda hupiga simu kwa mwajiri, anaambiwa ametoka kwa wakati. Anapiga kituo cha basi, anaambiwa basi limeharibika njiani. Anaandika, anasubiri. Mtu anapofika anahojiwa, ananuswa pombe, mfuko unakaguliwa, anakwenda kula.

Askari aliye peke yake, mwenye watu sitini wa kuwahesabu na simu mbili zinazoita, hana dakika hizo. Ama anatangaza utoro na kumrudisha mtu gereza lenye ukuta kwa kosa la basi, ama anaandika kwamba amerudi kwa wakati na kuendelea na hesabu.